GARI MOSHI MLIMANI: NAMNA YA KUPIGA PICHA NA KUIANDIKIA



Somo la leo lina sehemu mbili. Sehemu ya kwanza ni juu ya gari moshi linalopanda mlima, na watu wanaolipiga picha. Sehemu ya pili ni kazi ya kalamu. Someni polepole. Kama nyumbani kuna anayesoma vizuri, asome kwa sauti na wengine wasikilize.

Najua msomaji wa Bumbire atauliza: "Mwalimu, kisiwani kwetu hakuna reli. Gari moshi la nini huku?" Swali zuri hilo. Hata Muleba na Bukoba hakuna reli. Mtu wa huku akitaka kuona treni, huvuka ziwa mpaka Mwanza. Reli ilifika Mwanza mwaka 1928 ikitokea Tabora.

Lakini ziwa letu na reli ni ndugu. Hebu fikiria meli ya Victoria, ambayo wengi wenu mmeipanda kati ya Bukoba na Mwanza. Meli hiyo iliundwa Uskoti, mbali sana. Haikuweza kuja ziwani kwa maji, kwa sababu ziwa letu halina njia ya meli kutoka baharini. Basi ilifunguliwa vipande vipande. Vipande vikaletwa Mombasa. Hapo vikapakiwa kwenye treni, vikapanda milima ya Kenya mpaka Kisumu. Huko mafundi wakaunganisha meli upya, ikaanza kazi mwaka 1961. Kumbe meli yetu ilipanda mlima kabla ya kuogelea!

RELI NYEMBAMBA NI NINI?

Reli ni vyuma viwili vinavyolala sambamba juu ya mataruma. Nafasi kati ya chuma kimoja na kingine ndiyo upana wa reli. Nchi nyingi za Ulaya hutumia upana wa milimeta 1,435. Reli mpya ya umeme iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024 ina upana huo.

Reli yenye upana mdogo kuliko huo huitwa reli nyembamba. Reli yetu ya zamani ya Kati ina upana wa meta 1. Ya Tanga, Moshi na Arusha ni hivyo hivyo. Ya Mombasa mpaka Kisumu na Kampala pia ni hivyo. Ipo iliyokuwa nyembamba zaidi. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani walijenga reli ya Sigi katika Usambara ya Mashariki, kwa ajili ya kutoa magogo msituni. Upana wake ulikuwa sentimeta 75 tu. Hiyo ni hatua moja ya mtu mzima.

Kwa nini watu walijenga reli nyembamba milimani? Sababu ni mbili.

Kwanza, reli nyembamba hukata kona kali. Mlimani njia haiendi moja kwa moja. Inazunguka kama njia ya mbuzi.

Pili, ni rahisi. Mlima unachimbwa kidogo. Madaraja ni madogo. Mahandaki ni membamba. Fedha inayotumika ni kidogo.

GARI MOSHI LINAKWENDAJE?

Mama akipika ndizi na kufunika sufuria, baada ya muda mfuniko unaanza kurukaruka. Nani anausukuma? Ni mvuke. Maji yakichemka hugeuka mvuke, na mvuke unataka nafasi kubwa. Ukiufungia, unasukuma kwa nguvu.

Gari moshi ni sufuria kubwa ya chuma yenye magurudumu. Ndani kuna moto wa kuni, makaa ya mawe au mafuta. Moto unachemsha maji. Mvuke unapita kwenye bomba na kusukuma pistoni. Pistoni inasukuma vyuma virefu vilivyofungwa kwenye magurudumu. Magurudumu yanazunguka. Baada ya kazi hiyo, mvuke hutokea juu kwenye bomba la moshi. Ndiyo ile sauti mnayoisikia kwenye filamu: chu, chu, chu.

Mvuke wenyewe hauonekani. Unapokutana na hewa baridi, hugeuka matone madogo sana. Hayo ndiyo wingu jeupe. Ni kama pumzi yako asubuhi ya baridi. Ule moshi mweusi ni kitu kingine. Huo unatoka kwenye moto.

Shikeni jambo hili vizuri, maana litatusaidia kwenye picha: kadiri hewa ilivyo baridi, ndivyo wingu jeupe linavyokuwa kubwa. Na kadiri mlima ulivyo mkali, ndivyo gari linavyofanya kazi zaidi na kutoa moshi zaidi. Likiteremka, moshi ni kidogo.

MAGARI YALIYOPEWA MAJINA YA MILIMA

Reli ya kutoka Mombasa ilianza kujengwa mwaka 1896. Ilifika Nairobi mwaka 1899, na ziwani Kisumu mwishoni mwa mwaka 1901. Ilibidi iteremke ukuta wa Bonde la Ufa, kisha ipande tena milima ya Mau. Baadaye njia nyingine ilitoka Nakuru kwenda Eldoret na Uganda. Njia hiyo ilipita Timboroa, mahali palipo juu ya meta 2,700 kutoka usawa wa bahari. Huko asubuhi ni baridi kweli kweli.

Mwaka 1955 na 1956 Shirika la Reli la Afrika Mashariki lilipata vichwa vya treni 34 vya namna mpya. Viliundwa na kiwanda cha Beyer Peacock, Manchester, Uingereza. Kila kimoja kilikuwa na urefu wa meta 32 hivi na uzito wa tani 250 hivi. Havikuwa na mwenzao kwa nguvu katika reli zote za mvuke za upana wa meta 1 duniani.

Kitu kirefu hivyo kilipitaje kwenye kona kali? Kilitengenezwa kwa sehemu tatu. Mbele kulikuwa na tangi la maji juu ya magurudumu yake. Nyuma kulikuwa na mafuta juu ya magurudumu mengine. Katikati lilining'inia lile sufuria kubwa. Kwa hiyo kilijipinda kwenye kona kama jongoo.

Vichwa hivyo vilipewa majina ya milima ya Afrika Mashariki. Viwili vimehifadhiwa katika jumba la makumbusho ya reli mjini Nairobi, lililofunguliwa mwaka 1971. Kimoja kinaitwa Mount Gelai, na kingine Mount Shengena. Milima yote miwili iko kwetu Tanzania. Gelai uko karibu na Ziwa Natron. Shengena uko Upare.

Sasa treni za mvuke zimeacha kazi kwetu. Dizeli ilichukua nafasi yake, na sasa umeme umeanza. Kwa hiyo picha ndizo zinazobaki. Hapo ndipo anapoingia mpiga picha.

WAPIGA PICHA WA RELI

Reli ya Mombasa ilipojengwa, alikuwapo mpiga picha aitwaye William D. Young. Alipiga picha za reli, madaraja, na milima. Hapa kwetu, wakati wa Wajerumani, alikuwapo Walther Dobbertin. Picha zake nyingi zimetunzwa katika hifadhi ya taifa ya Ujerumani, nazo zinaonyesha watu, miji na reli za nchi hii.

Kazi yao ilikuwa ngumu. Kamera ilikuwa sanduku kubwa lenye miguu mitatu. Picha ilishikwa kwenye kioo, na kioo kinavunjika. Haikuwezekana kupiga hamsini na kuchagua moja, kama mtu afanyavyo kwa simu leo. Ilibidi kufikiri kwanza, kisha kupiga.

Katika nchi ya Eritrea, kaskazini ya Ethiopia, kuna reli ya mlimani inayojulikana sana kwa wapiga picha. Inatoka Massawa, pwani ya Bahari ya Shamu, mpaka Asmara. Urefu ni kilometa 118. Upana ni milimeta 950. Inaanza usawa wa bahari na kufika zaidi ya meta 2,300 juu. Mahali penye mlima mkali, kila meta 100 za mbele hupanda meta 3 na nusu. Waitalia waliifikisha Asmara mwaka 1911.

Katika miaka ya 1970 vita viliisimamisha reli hiyo. Askari waling'oa vyuma wakajengea mahandaki yao. Nchi ilipopata uhuru mwaka 1993, wengi walidhani reli imekufa. Lakini kuanzia mwaka 1994 wazee waliostaafu waliitwa kazini. Madereva, mafundi wa chuma na wajenzi wa njia walirudi. Baadhi yao walikuwa wamepita miaka 70. Walikusanya vyuma, wakafufua magari moshi yaliyoundwa mwaka 1938, wakatandika njia upya. Mwaka 2003 reli ilifika Asmara tena.

Ndipo wapiga picha wakaanza kuja kutoka Ulaya. Walilipa fedha ili wakodishiwe treni nzima. Treni ilisimama mahali pazuri, nao wakashuka na kujipanga kilimani. Kisha treni ilirudi nyuma, halafu ikapita tena kwa moshi mwingi ili wapige. Mtu anaweza kucheka: fedha yote hiyo kwa ajili ya moshi? Lakini walijua kwamba kitu hicho kinapotea duniani. Kinachopotea kina thamani kwa anayekikumbuka.

KANUNI SITA ZA PICHA NZURI

Hizi ndizo kanuni wanazofuata. Hazihitaji kamera ya bei kubwa. Hata simu ndogo inatosha.

1. Jua njia na saa. Mpiga picha huuliza treni itapita saa ngapi na inatoka upande gani. Hufika mapema. Aliyechelewa hupiga picha ya mkia.

2. Simama inapopanda, si inaposhuka. Tumekwisha kuona sababu. Kwenye kupanda gari linahema, na moshi unaonekana.

3. Tafuta kona au daraja. Treni ikinyooka mbele yako unaona kichwa tu. Ikiwa kwenye kona unaona kichwa, mabehewa na mlima nyuma yake.

4. Jua liwe nyuma ya bega lako. Kwetu jua la saa 6 mchana huwa utosini. Hapo magurudumu yote huwa gizani. Saa 1 mpaka saa 3 asubuhi, au saa 10 mpaka saa 12 jioni, jua huwa chini na linamulika ubavuni. Tena asubuhi ni baridi, na wingu la mvuke ni kubwa.

5. Angalia upepo. Upepo ukitoka kwako kwenda kwenye treni, moshi utakwenda upande wa pili na treni itaonekana. Upepo ukigeuka, utapata picha ya moshi mtupu.

6. Weka alama. Chagua jiwe au mti kando ya njia. Kichwa cha treni kikifika hapo, bonyeza. Usibonyeze kwa haraka kwa kuwa umefurahi.

Onyo. Usisimame relini wala karibu na reli. Treni nzito haiwezi kusimama ghafla kama baiskeli. Mtu aliyeweka jicho kwenye kamera hasikii vizuri wala haoni ubavuni. Picha si bei ya mguu.

SASA TURUDI BUMBIRE

Someni tena zile kanuni sita. Badala ya neno "treni" wekeni "mtumbwi." Je, hazifai? Mnajua wavuvi wa dagaa hurudi mwaloni saa ngapi. Mnajua upepo wa asubuhi na wa jioni kuliko mimi. Mnajua jua linatokea upande gani wa kisiwa. Vijana wengi wana simu zenye kamera. Basi somo la gari moshi ni somo lenu.

Lakini kuna kanuni ya saba, na hiyo wapiga picha wengi wa reli waliisahau.

Reli ya Mombasa ilijengwa na watu zaidi ya 31,000 walioletwa kutoka India, pamoja na Waafrika wengi. Karibu watu 2,500 kati ya wale Wahindi walikufa kazini kwa maradhi na ajali. Katika picha za zamani za reli tunawaona watu wakibeba mataruma, wakichimba mlima, wakisimama kando ya gari. Tunajua aina ya gari. Tunajua jina la daraja. Lakini majina ya watu wale, katika picha nyingi, hayakuandikwa. Mjukuu wa mmoja wao anaweza kuitazama picha hiyo leo asijue kwamba anamtazama babu yake.

Nanyi watu wa Bumbire mna mfano wenu. Mwaka 1875 Mzungu aitwaye Stanley alifika kisiwani kwenu kwa mashua. Ulitokea ugomvi. Baada ya miezi michache alirudi na kikosi kikubwa cha mitumbwi, akapiga watu risasi kutoka majini, na wengi walikufa. Stanley aliandika habari hiyo magazetini, na baadaye katika kitabu. Dunia ikaijua Bumbire kwa maneno yake. Hata Uingereza kwao walikuwapo waliomlaumu. Lakini watu wa kisiwa hawakuwa na kalamu siku ile. Upande wao haukuingia kitabuni.

Wazee wetu hawakuwa wajinga. Walikosa kalamu tu. Ninyi leo mnayo. Mmesoma, mmefaulu, mnaandika majina yenu. Kazi moja ya kalamu hiyo ni hii ninayowapa sasa.

KANUNI YA SABA: IANDIKIE PICHA

Picha isiyoandikwa ni kama barua isiyo na jina. Leo wewe unamjua aliye pichani. Baada ya miaka thelathini, mtoto atauliza: "Huyu ni nani?" Hapatakuwa na wa kujibu.

Tunajua uchungu huu katika mkoa wetu. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza, na mamia ya watu walikufa. Zipo nyumba zilizobaki na picha moja tu ya mpendwa wao. Picha kama hiyo ikiandikwa nyuma jina, ukoo na kijiji, inakuwa hati ya familia. Isipoandikwa, ni karatasi yenye sura.

Andika mambo matano:

1. Nani? Majina yote, kuanzia kushoto kwenda kulia.
2. Nini? Wanafanya kazi gani?
3. Wapi? Mwalo, kitongoji, kijiji.
4. Lini? Tarehe, mwezi na mwaka. Kama huna hakika ya tarehe, andika mwaka.
5. Nani amepiga picha?

Andika nyuma ya picha kwa penseli laini, wala usikandamize. Kalamu ya wino inaweza kupenya na kuharibu sura. Kama picha iko kwenye simu, andika mambo hayo kwenye daftari, maana simu huanguka majini. Ukienda mjini, ipeleke kwa mpiga picha akutolee kwenye karatasi. Weka picha mahali pakavu, mbali na moshi wa jikoni na mchwa.

Jambo la adabu: kabla ya kumpiga mtu picha, muombe. Mzee mwamkie kwanza, mwambie picha ni ya nini, kisha umwachie aamue. Akikataa, mshukuru uende zako.

ZOEZI LA KUANDIKA

Chukua picha moja iliyoko nyumbani. Nakili maneno haya kwenye daftari na ujaze mahali palipo wazi:

Hii ni picha ya ________________.
Aliye kushoto ni ________________, mtoto wa ________________.
Aliye kulia ni ________________.
Hapa walikuwa wana________________.
Mahali hapa panaitwa ________________.
Ilikuwa mwaka ________________.
Picha ilipigwa na ________________.

Kama kuna mahali umeshindwa kujaza, nenda kwa mzee anayejua. Nenda wiki hii. Usingoje.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini reli za milimani nyingi ni nyembamba? Taja sababu mbili.
2. Wingu jeupe la gari moshi ni nini? Kwa nini huwa kubwa zaidi asubuhi?
3. Kwa nini saa 6 mchana si saa nzuri ya kupiga picha kwetu?
4. Nani aliifufua reli ya Eritrea? Jambo hilo linatufundisha nini juu ya wazee wenye ujuzi kijijini?
5. Katika picha nyingi za zamani, gari lina jina na mtu hana. Ninyi mngeandika nini?
6. Kijijini kwenu, ni kazi gani inayoanza kupotea? Nani aipige picha, na nani aiandikie?

MANENO YA KUKUMBUKA

Taruma: kipande cha mti, chuma au saruji kinacholazwa chini ya reli.
Handaki: njia iliyochimbwa ndani ya mlima au ardhini.
Behewa: gari la abiria au mizigo linalovutwa na kichwa cha treni.
Pistoni: chuma kinachosukumwa na mvuke ndani ya bomba nene.
Makumbusho: nyumba ya kuhifadhi vitu vya zamani ili watu wavione.

Elimu haina mwisho. Mkutane, msome pamoja, na kila mmoja aje kikundini na picha moja iliyoandikwa.